Mashine ikikupunguzia limiti ya mkopo, nani anapaswa kukujibu?

#1 MamaVipuri (Nakuru)

Habari zenu wanajukwaa.

Nina duka dogo la vipuri vya pikipiki hapa Nakuru. Kwa miaka minne nimekuwa nikikopa kupitia programu ya simu kila Jumatatu ninapoagiza mali kutoka Nairobi, kisha ninalipa kabla ya Jumamosi, na sijawahi kuchelewa hata siku moja. Mwezi uliopita nilifungua programu saa kumi na mbili asubuhi, mwenye gari la mizigo akinisubiri kwenye simu ya pili, nikakuta limiti imeshuka kutoka shilingi 30,000 hadi 1,500.

Niliandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba mfumo hutathmini wateja mara kwa mara na uamuzi wake ni wa mwisho. Nilipopiga simu, binti aliyepokea alikuwa na adabu sana. Aliniambia kwamba hata yeye kwenye kompyuta yake anaiona tarakimu ile ile ninayoiona mimi, na hana kitufe cha kuibadilisha wala mahali pa kusoma sababu.

Nasikia Ulaya wametunga sheria maalumu ya akili bandia. Dai langu ni kwamba sisi hatuna sheria, na ndiyo maana tunaachwa tukizungumza na ukuta. Kama nimekosea, nisahihisheni.

#2 WakiliMtaratibu (Nairobi)

Pole sana dada. Naomba nikusahihishe kwa heshima: sheria unayo, tena tangu 2019.

Soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya. Kinasema kwamba mtu ana haki ya kutoamuliwa na mtambo peke yake pale ambapo uamuzi huo una athari za kisheria kwake au unamgusa kwa kiasi kikubwa. Kinaendelea kusema kwamba uamuzi wa aina hiyo ukifanyika, aliyeufanya lazima akujulishe kwa maandishi mapema iwezekanavyo, nawe unaweza kuomba ufikiriwe upya au ufanyike uamuzi mwingine usiotegemea mtambo peke yake. Kwa hiyo jibu la "uamuzi wa mwisho" haliendani na maneno ya sheria.

Tahadhari moja. Kifungu hicho kina milango ya kutokea: uamuzi unaohitajika ili mkataba ufanyike, ulioruhusiwa na sheria nyingine, au uliokubaliwa na mhusika mwenyewe. Kampuni za mikopo hupenda kupitia mlango wa mkataba. Zikishapita hapo, mabishano yanahamia kwenye swali la kama wajibu wa kukujulisha na kukusikiliza bado unabaki. Mimi naamini unabaki.

#3 Mkwezi wa Pangani (Tanga)

Wakuu, kwa upande wa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 2024. Nayo ina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Kwa hiyo dai la mleta uzi la "hatuna sheria" halisimami upande wowote wa mpaka.

Pia, dada, sisi huku tunasema akili mnemba.

#4 Bint Hamad (Zanzibar)

Mkwezi, na mwengine atakuja aseme akili unde. Kwetu Mnemba ni kisiwa, kipo kaskazini mashariki mwa Unguja, na hadi leo nikisikia "akili mnemba" ninaona maji ya buluu kwanza. Tuelewane tu kwamba tunazungumzia kitu kimoja, tusije tukapoteza kurasa tatu kwenye jina huku limiti ya dada bado ni 1,500.

#5 Jirani wa Köln (Ujerumani)

Salaam. Wakili wa #2 ameniwahi kwenye sheria ya Kenya, nami naongeza yaliyotokea huku, kwa sababu yanagusa jambo hili hili la alama za ukopaji.

Ujerumani ina kampuni inayoitwa Schufa, ambayo humpa karibu kila mkazi alama ya uaminifu wa kulipa. Mtu mmoja alinyimwa mkopo kwa sababu ya alama hiyo, akaomba aelezwe ilivyopatikana, akaambiwa ni siri ya biashara. Hoja ya kampuni ilikuwa rahisi: sisi tunatoa alama tu, anayeamua ni benki. Tarehe 7 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba ikiwa benki inaiegemea sana alama hiyo, basi kuitoa alama yenyewe tayari ni uamuzi wa mtambo, na kinga za sheria zinaanzia hapo.

Kesi ya pili ilitoka Austria, na hukumu yake ni ya tarehe 27 Februari 2025. Mwanamke alinyimwa mkataba wa simu wa yuro 10 tu kwa mwezi, kwa sababu mtambo ulimwona hana uwezo wa kulipa. Mahakama ilisema ana haki ya kuelezwa, kwa lugha fupi inayoeleweka, ni taarifa zake zipi zilitumika na zilitumikaje kufikia matokeo yale. Kumrushia kanuni ndefu ya hesabu hakutoshi. Kampuni ikidai siri ya biashara, iipeleke siri hiyo kwa mahakama au mamlaka husika, nayo ipime ni kiasi gani mhusika aonyeshwe.

Naomba mtazame jambo moja. Kesi zote mbili zilishinda kwa sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika 2018. Sheria mpya ya akili bandia anayoitamani mleta uzi haikuhusika hata kidogo.

#6 Kipanga_Mweupe (Mwanza)

Mkuu wa Köln, umetoa hoja nzito, lakini usiidharau sheria mpya. Sheria ya Akili Bandia ya Umoja wa Ulaya ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na inaitaja wazi kazi ya kupima uwezo wa watu kulipa mikopo miongoni mwa matumizi ya hatari kubwa. Faini zake za juu zinafika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani. Mleta uzi angekuwa Ulaya leo, kampuni ile ingekuwa imeshakunja mkia.

#7 Jirani wa Köln (Ujerumani)

Kipanga, tarehe uliyotoa ni sahihi, ila "leo" ndiyo tatizo. Sheria ile huingia kwa awamu. Mambo yaliyopigwa marufuku kabisa, kama serikali kuwapa raia alama za tabia zao za kijamii, yalianza kukatazwa tarehe 2 Februari 2025. Wajibu wa watoa mifumo mikubwa ya jumla, yaani ile inayoweza kufanya kazi za aina nyingi, ulianza tarehe 2 Agosti 2025. Masharti ya mifumo ya hatari kubwa, ambamo mikopo imo, yalipangiwa Agosti 2026, na kabla hayajafika, Novemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza yasogezwe mbele. Tena faini ya asilimia 7 inahusu kukiuka yale marufuku, si kukosea kwenye mfumo wa mikopo, ambako kiwango ni cha chini zaidi.

#8 Kipanga_Mweupe (Mwanza)

Nimesahihishwa, asante. Hata hivyo nabaki na hoja yangu kwamba sheria ya data inamsubiri mtu aumie ndipo alalamike, wakati sheria mpya inamtaka mtengenezaji apime hatari kabla hajaingiza bidhaa sokoni. Hatusubiri basi lianguke ndipo tukague breki.

#9 Mzee Rotterdam (Uholanzi)

Nimeishi Uholanzi zaidi ya miaka ishirini, na kila ninaposikia mjadala wa nani ajibu mashine ikikosea, nakumbuka kashfa ya ruzuku za malezi ya watoto. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu iliangusha serikali katika nchi ambayo watu wengi huihesabu miongoni mwa zinazoheshimu sheria.

Serikali hapa huwasaidia wazazi wanaofanya kazi kulipia malezi ya watoto. Mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kujifunza wenyewe, uliompa kila mwombaji alama ya hatari, ili kuchagua maombi yatakayokaguliwa. Miongoni mwa viashiria ulivyotumia kulikuwa na kama mwombaji ni raia wa Uholanzi au siye. Mzazi akiangukia kwenye ukaguzi, kosa dogo kama saini iliyosahaulika kwenye fomu au mchango wake mdogo ambao hakuulipa wote lilitosha kudaiwa arudishe ruzuku ya mwaka mzima. Wako waliodaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Familia zilizoathirika ni maelfu kwa makumi. Watu walipoteza nyumba, ndoa zilivunjika, na watoto zaidi ya 1,000 wa familia hizo walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao na kupelekwa kwenye malezi mengine.

Tarehe 15 Januari 2021 baraza zima la mawaziri la Mark Rutte lilijiuzulu. Wazazi waliodhulumiwa walipangiwa fidia ya yuro 30,000 kwa kuanzia. Mwezi Desemba mwaka huo huo mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza mamlaka ya kodi faini ya yuro milioni 2.75 kwa kuhifadhi na kutumia taarifa za uraia isivyo halali na kwa ubaguzi.

Nieleweni vizuri. Nchi hii ilikuwa na katiba, bunge, magazeti huru na sheria ya faragha wakati haya yote yanatendeka. Mzazi aliyeuliza "kwa nini mimi?" alipewa faili ambalo kurasa nyingi zilikuwa zimefutwa kwa wino mweusi. Picha za kurasa zile zilichapishwa kwenye magazeti, na ninazikumbuka mpaka leo: ukurasa mzima mweusi, namba ya ukurasa tu ndiyo inayosomeka.

#10 WakiliMtaratibu (Nairobi)

Mzee, shikamoo, na asante kwa kumbukumbu hiyo. Naomba kuongeza jambo ambalo huachwa mara nyingi. Uholanzi kashfa ile haikuwa ya mashine peke yake. Utaratibu wa kudai ruzuku yote kwa kosa dogo ulitokana na namna sheria iliyopitishwa na bunge ilivyosomwa, na Baraza la Nchi, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mashauri ya kiutawala, liliukubali usomaji huo mkali kwa miaka mingi hadi Oktoba 2019 lilipobadili msimamo. Tukimtupia lawama mtambo pekee, tunawasafisha wabunge, majaji na makarani waliokuwa wakitia saini barua.

#11 Mzee Rotterdam (Uholanzi)

Marahaba mwanangu. Ni kweli ulivyosema. Na mahakama hizo hizo ziliwahi kusimama vizuri kwenye jambo lingine: tarehe 5 Februari 2020 mahakama ya The Hague iliusimamisha mfumo ulioitwa SyRI, uliounganisha taarifa za raia kutoka idara mbalimbali ili kuwatafuta wadanganyifu wa misaada. Ilisema mfumo huo haukuwa wazi vya kutosha, hivyo ulikiuka haki ya faragha chini ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Ukiangalia, nchi moja, miaka ile ile, mahakama moja inaona na nyingine haioni.

#12 Fundi Modeli (Dar es Salaam)

Wakuu, mimi nimefanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni ya mikopo ya simu ambayo sitaitaja, nikitengeneza modeli, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na data, za kupima wakopaji. Naomba niwaeleze kinachotokea ndani, kwa sababu naona wanasheria wanaamini mno maneno "uamuzi wa binadamu".

Modeli yetu ilipokea mamia ya vigezo: unaweka vocha mara ngapi kwa wiki na ya shilingi ngapi, unakopa saa ngapi, betri yako huwa na chaji kiasi gani unapoomba, miamala yako ya pesa za simu inakwenda kwa watu wangapi tofauti. Hakuna kigezo kimoja kinachoamua. Kila baada ya miezi mitatu tuliifundisha upya kwa data mpya, na asubuhi yake watu maelfu walipanda au kushuka limiti bila wao kubadili chochote katika maisha yao. Nadhani ndicho kilichompata mleta uzi. Inawezekana wakopaji wengine wanaofanana naye kwa tabia za simu, labda wenye maduka wanaokopa Jumatatu alfajiri, ndio walioshindwa kulipa msimu ule, naye akalipia dhambi ya kufanana nao.

Sasa kuhusu binadamu wa kupitia. Tulikuwa na kijana mmoja aliyepewa kazi ya kukagua malalamiko. Kwenye skrini yake palikuwa na jina, alama, na vitufe viwili, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Alikuwa anapitia mafaili mia mbili kwa siku. Sababu hakuwa nazo, muda hakuwa nao, na akibonyeza kijani kisha mteja asilipe, anaulizwa yeye. Akibonyeza chekundu haulizwi na mtu. Nilimwona kwa macho yangu akibonyeza chekundu huku anakula mihogo, bila kusoma jina.

Karatasi zetu zote zilisema uamuzi umepitiwa na binadamu.

#13 Bint Hamad (Zanzibar)

Fundi, umeniumiza roho kwa hicho kitufe chekundu. Kumbe lile sharti la binadamu kuangalia linatimizwa bila mtu kuangalia lolote.

#14 Nyota ya Minneapolis (Marekani)

Hamjambo. Nami niweke la huku, kwa sababu nadhani mnatafuta dawa mbali wakati ipo kabatini.

Marekani haina sheria moja ya taifa kuhusu akili bandia. Rais Biden alitoa amri ya kiutendaji Oktoba 2023, na Rais Trump akaifuta tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa. Lakini jambo la mleta uzi lina jibu la zamani. Sheria ya fursa sawa za mikopo ya 1974 inamtaka mkopeshaji anayemnyima mtu mkopo ampe sababu mahususi. Mwaka 2022 ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa waraka ulioeleza kwamba mkopeshaji hawezi kujitetea kwa kusema modeli yake ni tata mno kuelezeka. Kama huwezi kuieleza, usiitumie. Wakati sheria ile inapitishwa, hakuna mbunge aliyeota kuhusu modeli za Fundi wa #12, na bado inazibana.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tusikimbilie kutunga sheria ya teknolojia. Tutunge wajibu wa kutoa sababu, kisha teknolojia ibadilike inavyotaka.

#15 Kipanga_Mweupe (Mwanza)

Nyota, dawa hiyo inatibu mikopo tu. Je, polisi? Detroit, Januari 2020, Robert Williams alikamatwa mbele ya mke na mabinti zake kwa sababu mtambo wa kutambua sura ulimfananisha na mwizi wa saa dukani. Alilala rumande, kumbe si yeye. Hakuna sheria ya mikopo ya 1974 iliyomsaidia. Ilibidi afungue kesi, na makubaliano yaliyowabana polisi wa jiji hilo wasimkamate mtu kwa matokeo ya mtambo peke yake yalikuja Juni 2024, zaidi ya miaka minne baadaye.

#16 Nyota ya Minneapolis (Marekani)

Hilo nakubali. Ndiyo maana miji kama San Francisco ilizuia idara zake kutumia teknolojia hiyo tangu Mei 2019. Hata huo ulikuwa uamuzi wa halmashauri ya jiji, haukungoja sheria kubwa ya taifa.

#17 Mama Chama (Thika)

Naona mnazungumzia uamuzi wa mashine, mnasahau mlango ambao data iliingilia.

Mwaka 2021 nilikopa shilingi 4,000 kwa programu moja. Wakati wa kuipakua iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu, nikakubali kwa sababu bila hivyo haifunguki. Nilipochelewa siku sita, walimpigia mwenyekiti wa chama chetu, wakampigia mama mkwe wangu, na wakatuma ujumbe kwa mtu aliyekuwa katika kamati ya harusi ya mdogo wangu, naye akaubandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Nilikuwa mweka hazina wa kamati hiyo. Nilisoma jina langu na neno "mkwepaji" nikiwa sokoni nachagua viazi, na watu arobaini walikuwa wameshasoma kabla yangu.

Fundi amesema modeli inatazama vigezo mamia. Mimi nauliza: nani aliwaruhusu kuvikusanya? Zuieni hapo mlangoni, na hiyo modeli itakosa cha kula.

#18 WakiliMtaratibu (Nairobi)

Mama Chama, pole kwa fedheha hiyo. Kwa faida ya wengine, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinakataza kabisa kutumia orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji ili kuwasumbua watu wake. Na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza faini tatu kwa siku moja: kampuni ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa majina na namba zilizopatikana kwa wengine, klabu ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

#19 Kipanga_Mweupe (Mwanza)

Kumbe Kenya mna meno. Na nimesoma kwamba kiwango cha juu ni shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kile kilicho kikubwa zaidi.

#20 WakiliMtaratibu (Nairobi)

Laiti ingekuwa hivyo. Kifungu cha 63 kinasema kile kilicho *kidogo* zaidi. Ulaya sheria inachukua kikubwa, isipokuwa sheria ya akili bandia inavyozihurumia kampuni ndogo. Neno hilo moja linabadilisha kila kitu. Kampuni yenye mapato ya shilingi bilioni kumi, ambayo asilimia moja yake ni milioni mia, haitatozwa zaidi ya milioni tano kwa kosa. Kwa kampuni ya namna hiyo, hiyo ni gharama ya matangazo ya wiki moja. Ningeulizwa leo nibadilishe neno moja katika sheria nzima, ningebadilisha hilo, kabla hata ya kuandika sheria mpya ya akili bandia.

#21 Shore_wa_Malindi

Wakili anataka faini. Mimi naona kwetu mahakama ndizo zilizotulinda hadi sasa, na nyuma ya mahakama, raia waliothubutu kwenda kushtaki.

Huduma Namba, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kumsajili kila mkazi kwa namba moja, ilipoanza, watetezi wa Wanubi, ambao jamii yao imehangaikia vitambulisho kwa vizazi, walikwenda Mahakama Kuu. Januari 2020 majaji watatu waliagiza kwamba usajili usiendelee kabla ya kuwekwa mfumo wa kisheria unaotosha. Serikali ikaendelea na kadi, na Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa faragha haikufanyika kwanza.

Kisha ikaja Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali. Wengi wetu tuliona picha za misururu pale KICC, ukumbi mkubwa wa mikutano wa Nairobi, mwaka 2023, vijana wakisubiri mboni zao zipigwe picha na tufe la chuma ili wapate tokeni zilizokuwa na thamani ya shilingi elfu saba hivi. Serikali ilisitisha shughuli hiyo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Katiba Institute, iliamuru data za miili ya watu zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna, kwa kuwa tathmini haikufanyika na idhini iliyonunuliwa kwa fedha haikuwa idhini ya kweli.

#22 Bint Hamad (Zanzibar)

Shore, umeeleza vyema, ila hesabu miezi. Kutoka Agosti 2023 hadi Mei 2025. Aliyepigwa picha ya jicho amekaa karibu miaka miwili na jicho lake liko kwenye kompyuta ya mtu. Mahakama zinashinda, lakini zinashinda tumeshachoka.

#23 Mjukuu wa Leicester (Uingereza)

Kwa kasi, hakuna kinachoshinda hasira ya wapiga kura. Agosti 2020 mitihani ya kidato cha juu ilikuwa imefutwa kwa sababu ya Korona, na mamlaka ya mitihani ya England ikatumia algoriti, yaani kanuni ya hesabu ya kompyuta, kupanga alama, ikitazama matokeo ya nyuma ya shule. Karibu madaraja 40 kati ya kila 100 yalishushwa chini ya yale waliyopendekeza walimu. Mwanafunzi hodari kwenye shule iliyozoea kufeli alivutwa chini na historia ya shule yake. Matokeo yalitoka tarehe 13, vijana wakaandamana mbele ya Wizara ya Elimu, na tarehe 17 serikali ikaitupa algoriti hiyo na kurudisha alama za walimu. Siku nne. Hakuna hukumu ya mahakama, hakuna faini.

#24 Fundi Modeli (Dar es Salaam)

Mjukuu, hilo liliwezekana kwa sababu wote walipata matokeo siku moja na waliweza kulinganisha karatasi zao. Wakopaji wa simu kila mmoja anashushwa peke yake chumbani kwake, na wengi wanaona aibu kusema. Watu wasiojuana hawaandamani pamoja.

#25 Mkwezi wa Pangani (Tanga)

Hoja ya Fundi ni nzito. Labda basi kinachohitajika ni kampuni kulazimishwa kutangaza, kila inapofundisha modeli upya, ni watu wangapi wameshushwa na katika makundi gani. Hapo dada wa Nakuru angejua kama yuko peke yake au wako elfu kumi.

#26 Jirani wa Köln (Ujerumani)

Napenda wazo la Mkwezi, ila litakutana na ile ile "siri ya biashara". Ndiyo maana hukumu ya Austria ni muhimu: siri haikatai kuonyeshwa, inachagua tu nani aonyeshwe kwanza.

#27 MamaVipuri (Nakuru)

Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nafunga hesabu za mwezi. Nimewasoma wote, na nawashukuru.

Niliandika barua pepe kama Wakili alivyoeleza, nikakitaja kifungu cha 35 kwa namba yake, nikaomba mambo mawili: sababu kwa maandishi, na uamuzi mpya uliofanywa na mtu. Siku ya tisa nilipata jibu kwamba ombi langu "limepitiwa na afisa". Limiti imepanda hadi shilingi 12,000. Sababu ya kushuka hawakuitaja, ya kupanda hawakuitaja, na jina la afisa halipo.

Baada ya kusoma #12, ninajiuliza kama kuna mtu aliyenisoma kweli au ni kitufe cha kijani kimebonyezwa ili ninyamaze. Nilichokuwa nikitaka tangu mwanzo ni kujua nilikosa wapi, kwa sababu Jumatatu nyingine inakuja, na mwenye gari la mizigo hanikopeshi.

#28 WakiliMtaratibu (Nairobi)

Dada, hiyo 12,000 usiichukulie kuwa jibu. Peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku tisini. Eleza wazi kwamba lalamiko lako ni la kunyimwa sababu, si la kiwango cha limiti, maana wakidhani unadai fedha watakwambia umeshapandishwa. Je, unayo picha ya skrini ya asubuhi ile ulipokuta 1,500, yenye tarehe na saa?

#29 MamaVipuri (Nakuru)

Ninayo. Saa 12:07 asubuhi. Na ninayo ya Jumamosi iliyotangulia, ikionyesha 30,000 na mkopo uliolipwa wote.

#30 Fundi Modeli (Dar es Salaam)

Ambatisha zote mbili, dada. Halafu uliza swali moja la ziada: modeli ilifundishwa upya lini mara ya mwisho? Tarehe hiyo wanayo, huandikwa kwenye mfumo kila mara. Ikiwa imeangukia kati ya Jumamosi ile na Jumatatu, utakuwa umeshika jambo ambalo watalazimika kulieleza.